"Tulia" Linapowasha Badala ya Kuzima

Swali la msomaji: "Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nina mwaka wa pili Dar es Salaam, nafanya kazi mapokezi kwenye zahanati. Wiki iliyopita mzee mmoja alikuja juu kwa sababu faili lake halikuonekana. Nikamwambia kwa sauti ya chini kabisa, 'Mzee, tulia.' Akawaka zaidi: 'Mimi? Wewe unaniambia mimi nitulie?' Mlinzi wetu, kijana mdogo tu, akamsogelea akasema, 'Mzee wangu, shusha presha kwanza, njoo ukae hapa.' Mzee akakaa. Sikuelewa, maana wote wawili tulisema kitu kile kile, tena yeye kwa lugha ya mtaani. Na nyumbani nako mdogo wa mume wangu kila nikisema neno ananiambia, 'Shem, kaa kwa kutulia,' watu wanacheka. Haya maneno, tuliza boli, punguza wenge, usimaindi, yana maana gani hasa? Lipi naweza kumwambia nani?"

Jibu:

Dada yangu, hamkusema kitu kile kile. Mlinzi wenu alisema maneno manane, na karibu kila moja lilikuwa na kazi yake.

Ulipomwambia mzee "tulia", mtu pekee aliyebaki ndani ya sentensi yako ni mzee mwenyewe. Kitenzi hiki hakibebi kitu kingine. Anayetakiwa kubadilika ni yeye, kwa hiyo aliyekosea ni yeye. Sasa mtazame: faili limepotea, amesimama dirishani tangu asubuhi, na jambo la kwanza linalotajwa na ofisi ni hasira yake. Sauti yako ya chini haikumsaidia. Mtu anayefoka akijibiwa kwa upole mwingi wa ghafla huhisi anabembelezwa kama mtoto.

Mlinzi alitaja kitu cha tatu, presha. Presha haina heshima ya kuvunjwa. Inampanda mpole na mkali, tajiri na maskini, na ikimpanda mtu tunampa pole, hatumlaumu. Mzee akaambiwa ashushe kitu kilichompanda, hakuambiwa abadilike yeye. Kisha likaja neno "kwanza", ambalo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika sentensi ile. "Kwanza" ni ahadi kwamba kuna pili. Kaa kwanza, halafu tutalizungumza faili. "Tulia" la peke yake halina pili; linafunga mazungumzo. Halafu akamwita "mzee wangu", akampa mahali pa kukaa. Mwili uliosimama umejiandaa kwa ugomvi, na ukipata kiti unapata kazi nyingine.

Siri ya misemo mingi ya mtaani ya kumpoza mtu ni hiyo hiyo, na imekaa kwenye sarufi. Kutoka tulia tunapata tuliza, na tuliza lazima lipate kitu cha kutulizwa. Vijana wakakitafuta hicho kitu kila mahali: tuliza boli, tuliza wenge, tuliza mshono, tuliza mzuka. Ukiacha tuliza kuna punguza na shusha: punguza munkari, punguza jazba, punguza moto, shusha presha. Kila mmoja unamwondoa mhusika katikati na kumpa kitu mkononi akishughulikie. Anaweza kutii bila kuonekana ameshindwa.

Wala hili si jambo lililobuniwa na vijana. Wewe wa Mombasa umelisikia tangu utotoni. Miaka ya nyuma nilikuwa stendi nikisubiri basi, abiria mmoja na mpiga debe wakagombana juu ya mzigo. Abiria, mtu mzima wa kanzu, alishamkaba mwenzake shati. Watu walikuwa wanapiga kelele "tulieni, tulieni", na kila "tulieni" moja mkono ulikuwa unakaza. Mama mmoja aliyekuwa anauza chai pembeni hakupiga kelele. Alikuja mpaka karibu, akasema, "Baba, mlaani shetani." Yule bwana akanyamaza kama sekunde mbili, midomo ikacheza bila sauti, vidole vikalegea. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale na niliviona vile vidole. "Mlaani shetani" limejengwa kama "shusha presha". Aliyekukamata ni shetani, wewe ni mwema, mfukuze urudi kuwa wewe.

Tena lina nguvu ya ziada kwa sababu linadai jibu. Ndivyo lilivyo pia "mswalie Mtume" la kwetu pwani: ukiambiwa, huwezi kunyamaza, lazima useme lile jibu la kumswalia, na ulimi uliokuwa unatukana unajikuta umebadili kazi. Bila shaka ni la Waislamu kwa Waislamu. Usimwambie mtu usiyemjua dini yake. Unaweza kuwa umefungua ugomvi mwingine.

Vitenzi vyenyewe navyo havilingani. "Acha hasira" ni hukumu kamili: huna haki ya kukasirika hata kidogo. "Punguza hasira" linakubali kwamba sehemu yake ni halali, ila imezidi kipimo. Kwa mtu aliyeonewa kweli, tofauti hiyo ni kubwa sana. Nimeandika maneno ya mtaani kwenye madaftari kwa miaka mingi, na naona wazi kwamba watu wanaoishi kwa kushughulika na watu, makondakta, wauzaji, wahudumu, hukimbilia "punguza" na "shusha", mara chache sana "acha". Hawakufundishwa na mtu. Wameona kipi kinaleta ngumi na kipi hakileti.

"Shusha" lenyewe linakwenda na picha tuliyonayo ya hasira. Katika Kiswahili hasira mara nyingi hupanda. Mtu hupandwa na munkari, hupandisha mori, hupandwa na mashetani, mwishowe anakuja juu, kama ulivyoandika mwenyewe. Kilichopanda hushushwa. Picha ya pili ni moto: mtu huwaka, damu humchemka, kwa hiyo tunampoza, tunamwambia apoe. Hapa nikupe tahadhari ya mji: kwa lugha ya mtaani ya Dar, "umechemka" au "umechemsha" maana yake umeshindwa, umeharibu. Ukimwambia mtu "usichemke" ukimaanisha asikasirike, anaweza kusikia kwamba unamwona ana dalili za kufeli.

Sasa hayo uliyoyauliza.

Tuliza boli limetoka uwanjani. Boli ni mpira. Mchezaji aliyepigiwa mpira wa juu ana njia mbili: aupige hivyo hivyo bila kutazama, au aushushe mguuni, ainue kichwa, aone wenzake wako wapi. Msemo unamwambia afanye la pili. Kwa hiyo humwambii mtu aache kucheza, unamwambia acheze vizuri. Unakubali kwamba ana mpira, yaani ana hoja. Ndiyo maana kati ya yote huu ni mmoja wa misemo salama zaidi kwa watu wa rika lako, na unaeleweka Dar na Nairobi pia. Mwambie mfanyakazi mwenzako anayetaka kumwandikia bosi ujumbe saa hiyo hiyo akiwa na hasira: "Tuliza boli kwanza, tuuandike kesho." Kwa mzee wa dirishani hapana. Si tusi, lakini ni lugha ya rika, na rika hamlingani.

Wenge ni jambo jingine. Wenge ni ile hali ya kutoelewa uko wapi, kama mtu aliyeamshwa ghafla. Watu husema "ana wenge la usingizi". Anayehangaika huku na huku, anafungua droo hii na ile, anajibu swali ambalo hakuulizwa, huyo ndiye mwenye wenge. Ukimwambia "punguza wenge" au "tuliza wenge" unamwambia akili yake haijakaa sawa. Kwa mdogo wako anayetafuta funguo alizozishika mkononi ni neno la mapenzi kabisa. Kwa mtu mwenye hasira yenye sababu ni kumdharau, kwa sababu unaigeuza hoja yake kuwa kuchanganyikiwa. Hili usilitumie kazini kwako hata siku moja, hata kwa kijana.

Tuliza mshono lina picha ya aliyeshonwa. Mwenye mshono hakurupuki, hacheki sana, hanyanyui ndoo, usije ukaachia. Ninalisikia zaidi kwenye soga za kinamama, nalo huwa na kejeli kidogo: "We tuliza mshono, habari yenyewe bado hujaisikia yote." Ni la shoga kwa shoga. Kwenye zahanati msiseme kabisa. Kuna watu pale wana mishono ya kweli.

Munkari na jazba ni maneno ya watu wazima yaliyoshuka mtaani, yote mawili yana asili ya Kiarabu. Jazba ndilo la mikutanoni: "Ndugu zangu, tusizungumze kwa jazba." Hata mzee utamwambia, mradi ulianze kwa "tusi-" na wewe ukiwemo ndani. Munkari ni kali kidogo, ni hasira iliyofika mahali pa kutisha, kwa hiyo ukimwambia mtu apunguze munkari na yeye alikuwa amenuna tu, umemkuzia. Mzuka ni la kuangalia pia. Mara nyingi ni zuri: mzuka humpanda mtu kwenye muziki, kwenye mechi. "Shusha mzuka" hufaa kwa mtu aliyechangamka kupita kiasi kuliko kwa aliyeudhika.

Presha umeiona inavyofanya kazi. Nyongeza moja tu: kwenu ni zahanati, mahali presha inapopimwa kwa mashine. Neno la mtaani na neno la kitabibu likakutana pale pale, na mzee akasikia kama mtu anayemjali afya yake. Kijana huyo ana kipaji, mwambieni.

Usimaindi ni "usichukie, usilichukulie vibaya". Kumaindi ni kuudhika na jambo ulilofanyiwa au kuambiwa. Huko Kenya, hasa kwa wasemao Sheng, kazi hiyo hufanywa na "usijam", kwani kujam ni kukasirika. Ukiingia Dar na "usijam" wengi watakutazama tu. Ndugu wa haya ni "usipaniki", na hapa ndipo nimeona watu wa kutoka Kenya wanateleza. Nairobi ukiambiwa usipaniki unaambiwa usiwe na wasiwasi. Dar, kupaniki mara nyingi ni kupandisha hasira, kufoka bila kipimo: "Nilimwambia ukweli akapaniki." Kwa hiyo mtu mwenye hofu ya kuchomwa sindano ukimwambia "usipaniki" anaweza kukujibu, "Nimemfokea nani?" Mwambie "usiogope", au "usijali".

Yapo maneno matatu utakayoyasikia karibu na haya, mezea, potezea na kausha, na watu huyachanganya kana kwamba yote ni kumpoza mtu. Siyo. Mezea ni limeze, potezea ni lipuuze, kausha ni nyamaza. Hayakuombi ushushe hasira ubaki na hoja yako. Yanakuomba uiache hoja yenyewe. Kama mlevi amekutukana njiani, rafiki akikwambia "potezea" amekusaidia, kwa sababu hakuna cha kudai pale. Lakini mtu aliyepotezewa faili, aliyekatwa mshahara, aliyesemwa uongo, ukimwambia "mezea tu" umejiunga na waliomkosea. Nakuomba sana usiwaambie wagonjwa neno hili, hata kwa nia ya kuwafariji. Mwenye haki yake hupozwa kwa kuambiwa haki hiyo itafuatwa vipi na lini.

Nije kwa shemeji yako.

"Kaa kwa kutulia" si neno la kupoza. Limevaa nguo za kupoza, ndani ni kishindo. Husemwa na anayejiona ameshika mpini: mshabiki ambaye timu yake inaongoza, mfanyabiashara anayetangaza bidhaa mpya, msanii anayewatambia wenzake. Maana yake ni "nyie subirini muone, hamna la kufanya". Liko kundi moja na "tulia dawa ikuingie" au "tulia sindano ikuingie", ambalo anaambiwa aliyepigwa mabao ili asihangaike, ayapokee. Na liko karibu na "kuwa mpole", maneno mawili yanayoonekana kama ushauri wa busara, kumbe mtaani mara nyingi ni onyo: umekwisha, nywea. Ukisikia mtu anasema "atakuwa mpole tu", jua hazungumzii tabia njema.

Je, shemeji amekutukana? Mimi naona hapana. Mashemeji katika familia nyingi za huku wana ruhusa ya utani, na utani huo ni dalili kwamba amekuona mtu wa ndani. Angekuwa anakuogopa au hakutaki, angekuita kwa adabu zote na kukaa mbali. Lakini utani una sharti: lazima uende na kurudi. Ukinyamaza kila mara, unabaki kuwa dharau ya upande mmoja. Na akikwambia hivyo siku unayozungumzia jambo zito, mtoto anaumwa au fedha za kodi zimepotea, hapo una haki ya kumwambia waziwazi, "Shemeji, leo si utani." Ataelewa. Kama hataelewa, mwambie mume wako; hiyo ni kazi yake.

Narudi dirishani, kwa sababu ndiko unakoumia zaidi. Kuna neno moja la kale ambalo hukulitumia, nalo lingekutosha: pole. Fikiria lilivyo. Tunampa aliyefiwa, aliyejikwaa, aliyetoka kazini amechoka. Tukilirudia mara mbili linakuwa kutokuwa na haraka. Na mtu mwenye tabia ya utulivu tunamwita mpole. Lugha yetu imelaza huruma, taratibu na utulivu ndani ya neno moja. Unapomwambia mtu "pole, mzee wangu", unamwambia nimeiona shida yako, na papo hapo unamwonyesha mwendo unaotaka twende nao. Wala si kukiri kwamba wewe ndiye uliyepoteza faili. Wengi mapokezini huogopa hilo, na huogopa bure: tunampa pole mtu aliyenyeshewa na mvua, na mvua hatukuileta sisi.

Baada ya pole, taja kilichotokea. "Pole mzee wangu, umesubiri muda mrefu na faili halijaonekana, lazima inaudhi." Watu hudhani kwamba kuitaja hasira ni kuichochea. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha utafiti ambao watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hasira au hofu huku ubongo wao ukipimwa. Walipoitaja hisia ile kwa neno, sehemu ya ubongo iitwayo amigdala, inayowaka mtu anapotishika, ilipunguza kazi yake. Hisia iliyopewa jina hulegea kidogo. Na kwa nini amri inafanya kinyume? Jack Brehm, mwanasaikolojia wa Marekani, alilieleza mwaka 1966: mtu akihisi hiari yake inabanwa, huipigania, mara nyingi kwa kufanya kile kile alichokatazwa. Yule mzee hakuwa mkaidi kuliko watu wengine. Alifanya ambacho wewe na mimi tungefanya.

Kama unataka kumpa mtu kitu cha kufanya na mwili wake, "shusha pumzi" ni bora kuliko "vuta pumzi". Sisemi hivyo kwa sababu ya utamu wa neno. Moyo huongeza mwendo kidogo tunapovuta hewa na kuupunguza tunapoitoa, kwa hiyo pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayopoza. Waliosema "shusha pumzi" tangu zamani walikuwa wameshalijua hilo kwa vifua vyao. Glasi ya maji nayo inafanya kazi, kwani anayekunywa hafoki, na akimaliza anakuta ameshapumua.

Kwa wakubwa kwako, lainisha amri kwa namna hizi. "Tulia" liwe "tutulie", na wewe uingie ndani. Au liwe "naomba utulie kidogo", ambapo "naomba" linarudisha hiari kwake na "kidogo" linapunguza deni. "Yaishe" ni zuri mno pale ambapo wewe au ofisi ina kosa: "Mama, basi yaishe, tumekosa." Tazama kwamba yanayoisha ni maneno, aliyekasirika hakuguswa. "Chonde chonde" ulilokuja nalo kutoka pwani usilitupe, Dar wanalielewa vizuri, lina unyenyekevu ambao maneno ya mtaani hayana. Na epuka kitu kimoja ambacho huharibu hata neno jema: kuweka "wewe" mbele au nyuma. "Tulia" ni amri, "tulia wewe" ni ugomvi.

Methali ziweke akiba. "Hasira hasara" ni kweli tupu, lakini mtu akiwa anawaka ni kama kumsomea hukumu. Ya "mkubwa ni jalala", kwamba mkubwa hupokea kila taka, inasemwa na mkubwa mwenziwe au na mkubwa mwenyewe anapoamua kusamehe. Ikitoka kwa mdogo ni utovu wa adabu, maana unamwambia avumilie takataka zako. "Hasira za mkizi, tijara kwa mvuvi" ni nzuri kwa rafiki anayetaka kuacha kazi kwa sababu ya maneno ya mtu: mkizi anaruka kwa ghadhabu, anaangukia chomboni, mvuvi anafurahi. Lakini mwambie jioni, akiwa ameshakula.

Kwenye ujumbe wa simu uwe mwangalifu mara mbili. Sauti haipo, uso haupo, na neno "tulia" likikaa peke yake kwenye kioo husomwa kwa sauti ya aliyekasirika, siyo kwa sauti yako. Andika sentensi nzima, ama piga simu.

Jambo la mwisho kuhusu mzee, na hili sikuliona kwenye barua yako. Je, ulimwamkia? Mzee wa rika lile, kabla ya faili, kabla ya jina, alistahili "shikamoo", na hata katikati ya kufoka bado unaweza kumpa. Atalazimika kujibu "marahaba". Jaribu mwenyewe nyumbani kulisema neno hilo kwa kufoka. Haliwezekani vizuri. Akirudi kwa miadi yake mwambie: "Shikamoo mzee wangu. Pole kwa siku ile. Kaa kwanza, faili lako nimeliweka hapa." Uwe umelitafuta kweli na liko mezani, maana neno zuri bila faili atalijua mara moja.

Na shemeji akikwambia tena kaa kwa kutulia, mjibu hapo hapo bila kununa: "Mimi nimekaa shem, nakuona wewe ndiye umesimama."